SANAA TUNAITAKA, USANII HATUUTAKI

Ndugu msomaji, toka nje ya geto lako uutazame ukuta wa jirani. Una rangi ya nani? Kama unakaa Manzese, Tandale, Buguruni au Mbagala, jibu unalo. Duka la Mangi limevaa rangi ya simu, saluni imevaa rangi ya soda, baa imevaa rangi ya bia. Celtel ilipogeuka Zain mwaka 2008, kuta zikabadilishwa rangi. Zain ilipogeuka Airtel mwaka 2010, zikabadilishwa tena. Jina liliamuliwa Kuwait, halafu likaamuliwa India, lakini ukuta ni wa Mbagala! Na katika biashara hii ya kupaka nyumba, malipo ya kabwela mwenye ukuta mara nyingi huwa ni ile rangi yenyewe. Anashukuru na kupiga makofi juu.

Sasa kumeingia staili nyingine. Kampuni inachora tembo, kasa au mikoko kwenye ukuta wa shule, inaweka nembo yake pembeni, kigogo anaitwa kukata utepe, kesho yake gazetini tunasoma kwamba kampuni "inajali mazingira na jamii". Je, ni kweli inajali?

Tuseme wazi ili tusisingiziwe. Sisi hatupingi matajiri kulipia sanaa. Tunawalaumu kwa kuchelewa. Nafasi Art Space pale Mikocheni, ambapo wasanii wengi wa jiji hili wamepata pa kufanyia kazi tangu mwaka 2008, imebebwa kwa kiasi kikubwa na fedha za balozi za Ulaya. Hivi Mnorwei anaona thamani ya mchoraji wa Dar es Salaam kabla ya tajiri wa Kariakoo? Ni aibu.

Tunachopinga ni usanii. Kampuni inayouza maji na soda kwenye chupa za plastiki ikichora kasa ukutani, huku chupa zake zimeziba mtaro ulio chini ya ukuta huohuo, hiyo si zawadi. Hilo ni tangazo lililovaa kanzu. Wewe wa Jangwani na Kigogo unajua mvua ikinyesha nani anahama na godoro kichwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili. Picha ya kasa haizibui mtaro.

Tena kuna mchoraji. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 na rangi za kung'arishia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akichora wanyama na ndege wa nchi hii. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa akiwa hajafaidi. Leo jina lake linauza dunia nzima. Je, vijana wanaochora leo kwa malipo ya fulana na chakula cha mchana, tunawaandalia mwisho gani tofauti?

Utasema, hawa wapinzani wanalalamika tu, njia nyingine iko wapi? Iko hapahapa pwani. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la mita 9 kwa tani 10 hivi za taka za plastiki, na ubavuni wakalivika ndala kuukuu zipatazo 30,000 za kila rangi. Ni chombo, na ni sanaa ambayo kila mtu anaiona bila kiingilio. Mwanzoni mwa mwaka 2019 Flipflopi ilitweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likiwa nyuma yake. Njiani, wenye biashara kadhaa walitoa ahadi ya kupunguza plastiki katika biashara zao wenyewe. Umeona tofauti? Pale tajiri hakuombwa nembo. Aliombwa abadilike.

Basi tunataka mambo matatu. Kwanza, wakazi waulizwe katika mkutano wa mtaa kabla brashi haijagusa ukuta. Pili, mchoraji apewe mkataba wa maandishi, malipo kamili, na jina lake liandikwe kubwa kama nembo ya kampuni. Tatu, kila mchoro wa mazingira uje na kazi ya mazingira: mtaro kuzibuliwa na kutunzwa, mikoko kupandwa na kulindwa, si kwa siku ya kamera tu. Asiyetaka masharti hayo aitwe mtangazaji, alipie ukuta kama anavyolipia bango, na mwenye ukuta apate chake.

Wakubwa watasema haiwezekani. Mbona mwaka 2017 Bunge lililojaa CCM lilibadili Sheria ya Madini, likailazimisha kila kampuni ya mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa kusaidia jamii na kukubaliana na halmashauri? Kama inawezekana Geita, inashindikana vipi Temeke?

Lakini usisubiri wakubwa. Wewe kijana mwenye brashi, usiguse ukuta kabla ya karatasi kusainiwa. Wewe mwenye nyumba, usiuze ukuta kwa ndoo ya rangi. Nawe usiye na brashi wala nyumba, nenda mkutano wa mtaa ukaulize: huyu aliyechora kasa, chupa zake anazikusanya lini?

Wahenga walikwisha kuuona ujanja huu. Waliuita kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Safari hii chupa ni ya plastiki, na imelala kwenye mtaro wako.