Nauli ya Kurudi: Tamthilia ya Kiswahili na Mkazi wa Eastlands

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Kauli hiyo inastahili kutafakariwa na kila mwenye kuitakia heri tamthilia ya Kiswahili jijini Nairobi, kwa sababu kumbi za maonyesho zilizo katikati ya jiji zinamhitaji mgeni ambaye hazijamwandalia njia ya kufika. Mgeni huyo ni mkazi wa mitaa ya Eastlands: Kaloleni, Makongeni, Maringo, Jericho, Bahati, Buruburu, Umoja, Kayole, Dandora na mingineyo. Kiswahili, pamoja na Sheng iliyozaliwa humo humo, ndiyo lugha anayoamkia na kulalia. Yeye ndiye angepaswa kuwa hadhira ya kwanza ya mchezo wowote wa Kiswahili unaowekwa jukwaani. Ilhali onyesho linapoanza, viti ambavyo angevikalia aghalabu hukaliwa na wengine, au hubaki vitupu.

Katika mijadala ya wanafunzi wa fasihi, jambo hili huelezwa kwa urahisi mno. Husemwa kwamba watu wa Eastlands hawana hamu ya sanaa ya jukwaa. Kwamba wao ni watu wa kandanda, muziki na matatu zilizorembwa. Waama, hukumu hiyo hutolewa na watu ambao hawajawahi kukaa na familia ya Eastlands inapopanga kwenda kutazama mchezo. Lau wangekaa nayo, wangegundua kwamba hamu ipo, na kwamba kinachoiua ni hesabu.

Tuseme kuna mama anayeishi Maringo na kuuza nguo katika soko la Gikomba. Ana mtoto wa kidato cha nne anayesoma Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege iliyochukua nafasi ya Kigogo ya Pauline Kea katika orodha ya vitabu vya lazima vya shule za upili. Mtoto ameleta habari kwamba mchezo utaonyeshwa katika Ukumbi wa Taifa, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu jioni. Mama anakubali. Tangu hapo hesabu inaanza.

Hesabu ya kwanza ni ya tiketi, na hiyo ndiyo nyepesi, kwa kuwa bei hutangazwa mapema na mtu anaweza kudunduiza. Hesabu ya pili ni ya siku yenyewe. Jumamosi ndiyo siku ya mauzo. Kufunga biashara saa tisa ili aoge na kuabiri matatu mapema ni kupoteza wateja wa jioni. Hesabu ya tatu ni ya njia. Matatu za Barabara ya Jogoo humshusha abiria upande wa chini wa jiji, Muthurwa au karibu na stesheni ya reli. Ukumbi wa Taifa upo upande wa pili, katika Barabara ya Harry Thuku, ukikabiliana na hoteli ya Norfolk. Kutoka huko chini, mama na mwanawe watapita kwa miguu penye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, waifuate Moi Avenue hadi bustani ya Jeevanjee, kisha wavuke University Way. Jioni, wakati watu wote wanakimbilia vituo vya magari, hao wawili watakuwa wakienda kinyume cha umati.

Hata hivyo, hesabu inayouvunja mpango ni ya nne: kurudi. Mchezo ukikamilika saa tatu usiku, njia ile ile iliyokuwa na watu jioni itakuwa na giza na vishawishi vya wezi wa simu. Kituoni matatu itasubiri ijae. Nauli itategemea saa, mvua na hiari ya utingo. Wakishuka mtaani, kuna kichochoro cha kupita kabla ya kufika mlangoni. Mama anakokotoa haya yote kimyakimya, kisha anamwambia mwanawe, "Mwanangu, soma tu kitabu." Hapo ndipo tiketi mbili hukosa kununuliwa, na hapo ndipo mtafiti huandika kwamba watu wa Eastlands hawapendi tamthilia.

Umbali huu haukuzuka kwa bahati mbaya. Mitaa mingi ya zamani ya Eastlands ilijengwa na utawala wa kikoloni iwe makao ya vibarua Waafrika, ng'ambo ya reli na viwanda, mbali na mahali pa starehe za walowezi. Ukumbi wa Taifa ulifunguliwa mwaka wa 1952, mwaka ule ule ambao, mwezi wa Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Mnamo Aprili 1954 askari waliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil, na maelfu ya wakazi wa mitaa ya Waafrika wakakamatwa na kupelekwa vizuizini. Basi, wakati ukumbi ule ulipokuwa ukiwasha taa zake za kwanza kwa michezo ya Kiingereza, mkazi wa Eastlands aliyetembea usiku katikati ya jiji alikuwa mshukiwa. Saa za maonyesho zilipangwa kwa ajili ya mtu mwenye gari na dereva. Ukoloni uliondoka mwaka wa 1963; saa zile zikabaki.

Historia hiyo hiyo, hata hivyo, ina ushahidi kwamba ukuta huu unaweza kubomoka. Mnamo Oktoba 1976 mchezo wa The Trial of Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, uliigizwa katika Ukumbi wa Taifa. Ulitengewa siku chache tu, lakini watu walimiminika. Ngũgĩ mwenyewe alisimulia jinsi watazamaji walivyojiunga na waigizaji mwishoni mwa mchezo, wakatoka nao nje wakiimba na kucheza. Barabara waliyoikanyaga ndiyo iliyo karibu na mahali ambapo, mnamo Machi 1922, askari waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika kudai Harry Thuku aachiliwe. Mchezo huo baadaye ulitafsiriwa kwa Kiswahili ukaitwa Mzalendo Kimathi. Funzo lake ni bayana: mtu wa kawaida akiona kwamba kilichoko jukwaani kinamhusu, hufika, na akifika hujiona mwenye nyumba.

Mwaka uliofuata, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga jukwaa lao la wazi na kuigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mchezo ambao wasomaji wa Kiswahili wanaufahamu kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Maonyesho yalifanyika mwisho wa juma, wakati ambao watu wa pale waliweza kuhudhuria. Serikali iliupiga marufuku mchezo mnamo Novemba 1977, na mwaka wa 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Aghalabu wanafunzi hukumbushwa siasa ya Kamĩrĩĩthũ na lugha yake. Ni nadra kukumbushwa ratiba yake. Ilhali ratiba ilikuwa sehemu ya siasa hiyo: waliopanga onyesho waliuliza kwanza mtazamaji anapata nafasi lini, ndipo wakaamua pazia lifunguliwe saa ngapi.

Wapo watakaopinga kwamba tatizo hili limekwisha kutatuliwa na maonyesho ya vitabu vya lazima. Ni kweli kwamba makundi ya waigizaji huwaonyesha wanafunzi Kigogo, Bembea ya Maisha na nyinginezo shuleni na katika kumbi za jiji. Kazi hiyo ina manufaa, na vijana wengi wameuona mchezo wa Kiswahili kwa mara ya kwanza kupitia kwayo. Lakini mtazamaji huyo huletwa na basi la shule, akiwa na sare na kalamu, akisaka dondoo za kujibia maswali ya Karatasi ya Tatu. Mtihani ukiisha, na basi nalo limekwisha. Mzazi wake, ambaye ndiye angeweza kumrudisha ukumbini mwaka baada ya mwaka, hakuwahi kualikwa. Sanaa inayomjua mtu kama mtahiniwa tu humpoteza siku anapopokea matokeo.

Wapo pia wasemao kwamba mkazi wa Eastlands hana haja ya kwenda mjini; mchezo na umfuate mtaani. Hoja hii ina uzito. Eastlands ina kumbi zake za kijamii, na ule wa Kaloleni una historia kubwa, kwani ulikuwa jukwaa la mikutano ya wanasiasa waliopigania uhuru. Maktaba za Kaloleni na Makadara zilipokarabatiwa, ilidhihirika kwamba jengo la zamani la mtaani likitunzwa hupata watu wake tena. Isitoshe, vipaji havijawahi kukosekana. Kundi la Kalamashaka lilitoka Dandora katika miaka ya 1990 na kuonyesha kwamba Kiswahili cha mtaani kinaweza kubeba fikra nzito. Mchezo wa Kiswahili ukianzia Kaloleni au Jericho utapata hadhira yenye masikio makali na isiyoficha hisia zake.

Hata hivyo, kumbi za mitaani zisigeuzwe kisingizio cha kumwachia mtu mwingine Ukumbi wa Taifa. Ukumbi huo ulikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka wa 2015. Ni mali ya umma. Muuza nguo wa Gikomba anaulipia ushuru kila anaponunua sukari na sabuni, sawa na yule anayeegesha gari mlangoni pake. Kumwambia kwamba mchezo wake utamfuata mtaani, basi hana haja ya kufika mjini, ni kumrudishia kwa upole mpaka ule ule uliochorwa na mkoloni. Haki yake ni yote mawili: mchezo umfuate anapoishi, na njia ya kwenda ukumbini iwe wazi kwake.

Njia hiyo yaweza kufunguliwa bila kusubiri bajeti kubwa. La kwanza ni saa. Onyesho la Jumapili saa nane mchana humaliza hofu zote za mama wa Maringo kwa pamoja: ibada imekwisha, jua lingali juu, matatu ni nyingi, na mtoto atalala mapema kwa ajili ya shule. Onyesho la jioni liendelee kwa wenye kuliweza, ila lisiwe la pekee. La pili ni usafiri. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina wanachama wengi waliozaliwa na kulelewa katika mitaa hii. Wanachama kumi na wanne wa mtaa mmoja, wakiwa na wazazi na majirani zao, wanatosha kukodi matatu moja ya kwenda na kurudi, ikiondokea kwenye ukumbi wa mtaa na kusubiri hadi mchezo umalizike. Nauli ikigawanywa na kujulikana mapema, hesabu ya nne inakuwa nyepesi kama ile ya kwanza. La tatu ni tangazo. Bango likitaja saa ya kuanza pekee, limesema nusu ya habari. Litaje pia saa ya kumaliza, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza la mtu anayetegemea gari la umma.

La nne linawahusu waandishi na waigizaji wenyewe. Mgeni akishafika, asikute Kiswahili kinachomdharau. Si lazima kila mhusika azungumze kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Makanga wa jukwaani azungumze kama makanga. Mwalimu kama mwalimu. Ajuza wa Pwani kama ajuza wa Pwani. Kwa miaka mingi Vitimbi na Vioja Mahakamani viliwakusanya Wakenya mbele ya runinga kwa sababu mtazamaji aliwatambua wahusika kwa ndimi zao. Usanifu wa lugha hauharibiwi kwa kuruhusu mtaa usikike. Huharibiwa kwa kuifanya lugha iwe ya mtihani pekee.

Yupo atakayeuliza kama mambo haya madogo ya nauli na saa yanastahili kurasa za jarida la wasomi. Jibu ni kwamba tamthilia, tofauti na riwaya, haiwezi kungoja rafuni hadi msomaji apate nafasi. Huishi pale tu ambapo mwigizaji na mtazamaji wamekutana chini ya paa moja, saa moja. Anayezuiwa na gari la mwisho amezuiwa sawa na aliyefungiwa mlango. Makala na tasnifu nyingi zimeandikwa kuhusu dhamira na maudhui ya tamthilia za Kiswahili. Huenda wakati umewadia wa kuandika pia kuhusu kituo cha matatu.

Mama wa Maringo hajakataa mwaliko. Alipiga hesabu zake kwa uadilifu na zikamshinda. Zikipigwa upya na wale walioandaa onyesho, Jumapili moja ataonekana katika safu ya nne na mwanawe kando yake, akicheka kabla ya wengine kwa kuwa ameitambua sauti ya jirani yake jukwaani. Siku hiyo mgeni atakuwa amefika, na mwenyeji atakuwa amepona.