Gari la Wagonjwa Lisisubiri Malipo

Tarehe 28 Juni, 2025, basi kubwa na basi dogo yaligongana Sabasaba, wilayani Same, yakateketea kwa moto. Ndugu zetu wasiopungua 38 walipoteza maisha. Mbele ya maafa kama hayo, nani angethubutu kumwuliza majeruhi kama anazo fedha?

Wapo wanaoshauri kwamba huduma ya uokoaji na magari ya wagonjwa igharimiwe na wanaoitumia. Ni kweli kwamba mafuta, dawa na matairi havipatikani bure, hasa katika barabara za milima ya Upare. Lakini ada inayodaiwa saa ya maafa humwadhibu mnyonge. Jamaa wa mgonjwa wa Mamba au Chome, wakihofia gharama, watachelewa kupiga simu. Na kuchelewa ni kifo.

Tangu mwaka 2022 mpango wa M-Mama umekuwa ukienezwa nchini: kwa simu ya bure 115, mama mjamzito na mtoto mchanga hupatiwa usafiri wa dharura. Majeruhi naye anastahili vivyo hivyo.

Wapare wanaujua msaragambo: mfereji huchimbwa na wote, hakuna angojaye hadi shamba lake likauke. Hivyo tunaishauri Serikali: gharama hizi zichangwe mapema na wote, kwa kodi na bima za magari. Kamwe zisidaiwe machelani.