Nifundishe Besiboli

Msomaji wangu, mwezi huu nina kisa cha nyumbani. Mume wangu alisoma Chicago, akarudi na ugonjwa mmoja: besiboli. Saa 9 usiku yuko macho anafuatilia timu yake ya Cubs, mimi kitandani peke yangu. Nilinuna miezi. Siku moja nikachoka, nikamwambia, "Haya, nifundishe."

Kumbe si ngumu! Timu mbili, kila moja wachezaji 9. Huyu anarusha mpira, yule wa timu pinzani anaupiga kwa gongo, halafu anatimua mbio kupita vituo 3 mpaka arudi alipoanzia, panaitwa nyumbani. Akifika, ni pointi. Akiukosa mpira mara 3, yuko nje. Wakitoka watu 3, zamu inahamia kwa wenzao. Kila timu ina zamu 9.

Kilichonigusa? Wakati mwingine mpigaji anaugusa mpira kidogo tu, makusudi, akijua atatolewa, ili mwenzake asogee kituo kimoja. Wanaiita sadaka. Tena anayepiga vizuri mara 3 kati ya 10 ni hodari! Cubs wenyewe walikaa bila ubingwa tangu 1908 hadi 2016, na mashabiki hawakuhama.

Mimi nilikuwa namdai mume wangu 10 kwa 10.

Siku hizi tunaangalia wote mechi za mchana wa kule, kwetu saa 3 usiku. Za alfajiri amezisamehe. Hiyo ndiyo sadaka yake.

Na wewe, mwenzako anapenda nini ambacho hujawahi kumuuliza?