Vipuri vya mashine viongezewe ugumu, mkulima apumue

Msimu wa mavuno ya mahindi unapofika, foleni za madebe na magunia hurefuka kwenye mashine za kusaga, kuanzia Mbuyuni mjini Moshi hadi Himo na Marangu. Kwa mwenye mashine hiyo ni neema, lakini ndicho kipindi ambacho nyundo za mashine yake huisha haraka zaidi. Mchanga unaobaki kwenye mahindi yaliyopukuchuliwa chini hula ncha za nyundo. Unga hutoka wenye chenga, mota hula umeme zaidi, na vumbi la chuma huingia katika chakula cha watu.

Huko juu vihambani hali haina tofauti kubwa. Mashine ya kumenyea kahawa iliyolika uso hubana vibaya na kukata punje. Punje iliyokatika huharibika wakati wa kuchachusha, na mkulima huvuna hasara ya daraja na bei.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kipuri kinachotupwa hakijaisha chote. Kilicholika ni milimita chache za juu tu. Ndiyo maana teknolojia ya kuongezea chuma safu ngumu kwa kutumia plazma inastahili kuzungumzwa na wakulima na wafanyabiashara wadogo, badala ya kuachiwa wenye viwanda vikubwa pekee.

Plazma ni gesi iliyotiwa nguvu ya umeme hadi chembe zake zikapasuka na kuwaka. Radi ni plazma, na moto mkali unaomfanya fundi wa kuchomelea avae miwani myeusi ni plazma pia. Viwandani hutumika kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni kupanga vipuri ndani ya chemba iliyoondolewa hewa na kuvipaka safu nyembamba mno. Biti za kutobolea chuma zenye rangi ya dhahabu hupata rangi hiyo kutokana na safu ya titani na nitrojeni yenye unene wa milimita 0.002 hadi 0.004 tu. Hata paneli ya sola iliyoko juu ya bati la mkulima hupakwa kwa plazma safu nyembamba zaidi ya hiyo. Bila safu hiyo, mwanga mwingi zaidi wa jua ungerudishwa angani bure.

Njia ya pili ni kuyeyusha unga wa madini magumu kwa moto wa plazma na kuurusha juu ya kipuri, ukagandia hapo kama plasta ukutani. Safu hii ni nene, na ndiyo inayofaa zaidi kwa sehemu zinazosagwa na mchanga. Ile nyembamba haiwezi kuhimili kishindo cha nyundo ya mashine.

Hata hivyo, wanunuzi wawe macho. Rangi ya dhahabu peke yake si ushahidi wa ubora, kwani biti ya chuma laini inaweza kupakwa rangi ya kawaida. Rangi ikikwanguka kwa ncha ya kisu, hiyo si safu ngumu. Muuza duka anayejali jina lake naye apime kabla ya kuagiza boksi zima.

Kikwazo kikubwa ni gharama. Hakuna mwenye mashine moja ya kusaga awezaye kununua mtambo wa plazma. Lakini mtambo huo hauhitaji kuwa wa mtu mmoja. Chemba moja hupokea vipuri vingi kwa mkupuo, na kadiri vinavyokuwa vingi ndivyo gharama ya kila kimoja inavyoshuka. Wakulima wa Kilimanjaro wanalijua somo hili tangu mwaka 1933 walipounda KNCU, kwa sababu mwenye kihamba kimoja hakuweza kulifikia soko la dunia peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina wajibu wa kuanza kuhesabu mahitaji ya vipuri vya aina hii mkoani. Kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kilijengwa Machame kwa ajili ya mitambo na vipuri. Hapo ndipo pa kuanzia, badala ya kila mtu kuagiza kutoka nje.

Wakati hayo yakisubiriwa, wenye mashine wasikae mikono mitupu. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuongeza safu kwenye ncha za nyundo kwa fito maalumu za chuma kigumu. Nyundo zipimwe uzito zilingane, vinginevyo mashine itatikisika na kuua beringi. Mahindi yapepetwe mchanga kwanza, na sumaku iwekwe mahali unga unapotokea.

Nyundo inayogharimu mara mbili lakini ikadumu mara tatu ni nafuu kuliko ile ya bei ya chini. Anayenunua vipuri apige hesabu kwa magunia yatakayosagwa, asitazame bei ya dukani pekee.