Uandishi wa Shajara na Ukurasa Usiotuzwa Alama

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hii hufundishwa shuleni, hutungiwa insha na kutahiniwa, ila ni nadra kumpata anayeiishi. Mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu huenda ndiye kielelezo bora cha kinaya hiki. Huamka na rununu mkononi, huandika jumbe zilizonyofolewa irabu, hunakili mhadhara mbiombio, kisha hukesha akikamilisha kazi ambayo ilipaswa kuwasilishwa jana. Baada ya miaka minne huhitimu akiwa ameandika kurasa nyingi mno, na pengine hakuna hata mmoja aliouandika bila kuihofia kalamu nyekundu ya mhadhiri.

Makala haya yanashikilia kwamba daftari lililoshonwa kwa mkono kutokana na karatasi chakavu, pamoja na shajara inayoandikwa humo kwa Kiswahili, ni njia nyepesi ya kumrejeshea mwanafunzi huyu utulivu wa nafsi na umilisi wa lugha yake.

Wapo watakaocheka. Watadai kwamba shajara ni anasa ya walioshiba, na dai lao lina msingi. Katika maduka ya mijini mna madaftari yenye majalada ya ngozi, kalamu za rangi na vibandiko vya mapambo ambavyo bei yake yaweza kumlisha mwanafunzi kwa siku kadhaa. Biashara imetambua kwamba watu wamechoka, nayo inawauzia mapumziko kwa bei ya juu. Hata hivyo, kosa ni la bei, si la shajara yenyewe.

Karatasi zimejaa tele chuoni. Nje ya kila kibanda cha kupigia chapa na kurudufu mna marundo ya karatasi zilizochapwa upande mmoja tu na kutupwa. Karatasi ya namna hii hukunjwa katikati, upande uliochapwa ukifichwa ndani, upande mweupe ukabaki nje. Karatasi 40 zilizokunjwa hivyo hutoa kurasa 80 zisizo na doa. Kingo zilizo wazi hupangwa pamoja kuwa mgongo wa daftari, matundu manne hutobolewa kandokando yake, kisha sindano na uzi hufanya kazi iliyosalia. Wachina na Wajapani walifunga vitabu kwa mtindo huu kwa karne nyingi. Jalada laweza kuwa kadibodi ya boksi la sabuni, iliyovikwa kipande cha leso kuukuu kwa gundi ya unga wa ngano. Gharama yake haizidi uzi, sindano na konzi ya unga.

Isitoshe, kazi hii haikubali pupa. Uzi ukivutwa kwa nguvu huchana karatasi. Gundi isipoachwa ikauke, jalada hujikunja. Mikono hulazimika kutulia, na mikono ikitulia, moyo nao hufuata.

Wala asidhani mtu kwamba ufundi huu ni mgeni kwa Waswahili. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa wanazuoni na wanakili walioandika misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino wa rangi. Lamu nako alikuwepo Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, mshairi na mchonga nakshi ambaye alinakili tenzi kwa hati za Kiarabu. Sehemu kubwa ya fasihi inayosomwa vyuoni leo ilihifadhika kwa sababu palikuwa na watu walioketi na kuandika herufi moja baada ya nyingine.

Maandishi yasiyolenga alama wala soko nayo yana thamani yake. Shaaban Robert alimwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, barua kwa miaka mingi. Mwaka 2002, miaka 40 baada ya kifo chake, barua hizo za 1931 hadi 1958 zilichapishwa kuwa kitabu. Naye Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu chake cha kisiasa, alitunga gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Upweke wake ulikuwa wa kulazimishwa, na ni ukatili kuuita utulivu. Lakini mfano wake unaondoa kisingizio kimoja: uduni wa karatasi haujawahi kumzuia mwenye la kusema.

Yupo atakayesema kwamba rununu huhifadhi maandishi vizuri zaidi, kwa kuwa daftari huliwa na mchwa, hulowa mvua, na huweza kusomwa na mwenzake chumbani. Ni kweli. Lakini rununu hiyo hiyo humkatiza mwandishi kila mara kwa jumbe na picha, hata asimalize sentensi aliyoianza. Daftari halimwiti mtu, humngoja.

Faida kubwa zaidi ni ya lugha. Mwanafunzi anayeweza kuchambua arudhi bila kusita hugundua, anapojaribu kueleza jinsi alivyoagana na mamake kituoni, kwamba maneno yamemwishia na Kiingereza kinamnyemelea. Pengo hilo halifichuliwi na mtihani wowote. Hufichuliwa na ukurasa mtupu saa tatu usiku, na huzibwa polepole, neno baada ya neno.

Kwa hiyo, vyama vya Kiswahili vyuoni havina budi kutenga angalau alasiri moja kila muhula, wanachama walete karatasi chakavu, nyuzi na sindano, washone madaftari pamoja. Wahadhiri nao waalikwe washone, ila wajizuie kuomba kuyasoma. Siku shajara itakapotuzwa alama, itakuwa imegeuka zoezi jingine la kukimbizwa. Haba na haba hujaza kibaba: ukurasa mmoja kwa siku, usiosahihishwa na mtu, watosha kumfanya msomi wa Kiswahili awe pia mwenyeji wake.