Ziwa si Barabara ya Bure

Pale Segese, hapa kwetu Msalala, kwenye mashine za kukoboa mpunga, ukitaja Ziwa Victoria utaambiwa hayo ni mambo ya watu wa Mwanza. Hata wanaokubali kwamba mchele wetu ungeweza kupita majini wana imani moja ninayoiona ya hatari: kwamba ziwa ni barabara iliyojengwa na Mungu, haitaki kokoto wala lami, basi serikali ikishanunua meli kazi imekwisha. Nimeisikia kwa madalali, nimeisikia kwa wasomi. Ni imani ya uongo, na inatugharimu.

Tuangalie MV Umoja. Ni meli ya miaka ya 1960, inavusha mabehewa ya treni, na uwezo wake ni tani 1,200. Semi-trela hubeba takribani tani 30. Kwa hiyo safari moja ya Umoja ni sawa na malori 40 yasiyopita Geita, Biharamulo na Mutukula. Mchele unaweza kupakiwa kwenye behewa Isaka, humu humu Msalala, ukaenda Mwanza kwa reli, behewa likaingia melini na kutokea Port Bell, Uganda, bila gunia hata moja kushushwa njiani.

Lakini behewa hilo halinyanyuliwi kwa kreni. Linasukumwa na kichwa cha treni kupitia daraja lenye reli, na reli za daraja lazima zikutane sawasawa na reli za sitaha. Ziwa likijaa, kama lilivyojaa mwaka 2020, meli inakaa juu. Likipungua, kama mwaka 2006, meli inakaa chini na gatini kina kinakosekana. Kuzioanisha reli hizo kunataka mitambo, grisi, vipuri, na fundi anayelipwa mwaka mzima, hata mwezi ambao hakuna meli. Daraja hilo likikwama, tani zote 1,200 zinalala Mwanza. Bado sijataja kuchimba tope, kuondoa magugumaji, maboya, taa, ramani za kina cha maji, na chelezo cha kupandishia meli ikaguliwe tumbo lake.

Umoja ilikaa miaka mingi bila kwenda Port Bell, hadi mwaka 2018. Ziwa lilikuwepo muda wote huo.

Wapo watakaosema daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwaka 2025, malori yapite. Ni daraja zuri na limewaondolea watu adha ya kivuko. Lakini linavusha Ghuba ya Mwanza tu; safari ya Kampala inabaki ya lami, na lami inaliwa na malori hayo hayo kila msimu wa mavuno.

Kiini cha tatizo ni pesa. Barabara zina Mfuko wa Barabara unaokusanya tozo kwenye kila lita ya mafuta. Reli ina tozo yake kwenye bidhaa zinazoagizwa nje. Njia ya maji haina chungu chake. Marekani, yenye mito mikubwa ya asili, haikuyaacha mambo kwa Mungu: wenye meli za mizigo hulipa senti 29 kwa kila galoni ya dizeli, na pesa hiyo huingia kwenye mfuko maalumu wa njia za maji za ndani. Sisi tuchukue sehemu ndogo ya tozo ya mafuta tuipeleke ziwani. Mwenye barabara hapotezi kitu, maana kila tani inayohamia majini inapunguza shimo moja kati ya Kahama na Geita.

Wabunge wa Msalala, Kahama na Geita, bajeti ya Wizara ya Uchukuzi ikisomwa, msiulize meli mpya inazinduliwa lini. Ulizeni ni shilingi ngapi zimetengwa kwa matengenezo ya gati, maboya na chelezo mwaka huu, na msikae mpaka mjibiwe kwa tarakimu.