Hitilafu Inayokuja na Kuondoka: Somo Tunalolikwepa

Katika kufundisha ufundi wa magari, na hata fizikia, tumezoea kumpa mwanafunzi hitilafu iliyo wazi: waya uliokatika, plagi iliyovunjika, betri iliyokwisha nguvu. Hitilafu hiyo ipo asubuhi na ipo jioni, na mwanafunzi akiitafuta kwa bidii hana budi kuipata. Lakini gari linalofikishwa kwa fundi aghalabu si la namna hiyo. Likiwa gari kuukuu, huwaka mara tatu, likagoma mara ya nne, kisha likawaka tena mbele ya fundi kana kwamba halikupata kuugua. Ni maoni yangu kwamba hitilafu ya namna hii ndiyo inayostahili kuwa kiini cha somo la uchunguzi, na kwamba kuikwepa kwetu kunawagharimu watu ambao hawakukaa darasani mwetu.

Anayetaka kuiona gharama hiyo na apite katika gereji za kando ya barabara ya Musoma, toka Nyakato hadi Igoma, mkoani Mwanza. Gari limegoma kuwaka. Kijana aliyetoka chuoni anasema kwamba betri imekufa. Mwenye gari ananunua mpya, na gari linawaka. Huenda limewaka kwa sababu vichwa vya nyaya vilikazwa upya wakati betri ilipobadilishwa. Huenda limewaka kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya kuwaka. Baada ya wiki linagoma tena, na safari hii stata ndiyo inayobadilishwa. Mwenye gari amelipa mara mbili. Na kuna hasara kubwa zaidi: kijana ameamini kwamba kukisia kwake kulithibitishwa na matokeo. Hitilafu inayokuja na kuondoka humsifu hata yule aliyekosea, na ndiyo maana haifai kuachwa ifundishwe na bahati.

Tuchukue mfano wa Land Rover Series III, gari lililotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Tuseme kwamba kiungo cha waya wa ati, pale unapofungwa kwenye bodi, kimeingia kutu na kuweka ukinzani wa omu 0.02 tu. Mwanafunzi akiwasha taa kubwa zinazovuta ampea 10, volti zitakazopotea kwenye kiungo hicho ni 0.2, na taa zitang'aa vizuri. Lakini stata ikidai ampea 200, kiungo hichohicho kitataka kumeza volti 4 kati ya 12. Basi kauli inayosikika kila siku, "taa zinawaka, kwa hiyo nyaya ni nzima," haina msingi. Tena barabara ikilitikisa gari, kutu ile hujisugua, chuma kikagusana na chuma, na gari likawaka. Hapa kanuni ya Ohm, ambayo mwanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani, inakuwa chombo cha kazi.

Napendekeza mambo matatu kwa walimu wenzangu.

Kwanza, uchunguzi uanze na daftari kabla ya spana. Mwanafunzi amhoji dereva na kuandika: gari hugoma saa ngapi, injini ikiwa baridi au moto, baada ya mvua au jua, na je, stata huwa kimya au huzungusha injini bila kuiwasha? Stata ikizungusha vizuri lakini injini isiwake asubuhi yenye unyevu wa ziwa, kofia ya distributa na nyaya za plagi zitiliwe shaka mapema. Injini ikigoma baada ya mwendo mrefu, ikapona ikipoa, tutazame koili na kondensa, au petroli iliyogeuka mvuke katika bomba. Stata ikiwa kimya na taa zisififie hata kidogo, umeme haupiti ndani yake: swichi, solenoidi au brashi zake zichunguzwe. Taa zikififia karibu kuzimika, tuanze na betri na viungo vyake.

Pili, mwanafunzi afundishwe kuugawa mkondo wa umeme vipande vipande, na kuupima wakati stata inafanya kazi. Mita ya volti iwekwe kati ya kichwa hasi cha betri na injini yenyewe, huku mwenzake akipiga stata. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, njia ya ati ina kasoro, hata kama gari limewaka. Hivyo hitilafu hupatikana kabla haijagoma waziwazi.

Tatu, mwanafunzi asiruhusiwe kusema "nimeipata" mpaka aweze kuirudisha hitilafu na kuiondoa tena kwa hiari yake. Mwalimu anaweza kuandaa zoezi hili kwa kuweka uchafu au rangi chini ya kiungo cha ati kwenye bodi, mbali na betri na petroli, gari likiwa limetolewa gia na kufungwa breki ya mkono.

Najua yatakayosemwa: kwamba vipindi ni vichache, mita hazitoshi, na mtihani hauulizi mambo haya. Kuhusu mita, moja hutosha kwa kikundi kinachopokezana, na daftari halihitaji mita. Kuhusu vipindi, zoezi moja lililokamilika lina thamani kuliko hitilafu kumi zilizoonyeshwa kwa kidole. Kuhusu mtihani, tusisubiri. Alama za kazi za darasani zi mikononi mwetu. Anayeandika kwa uaminifu kwamba amepima sehemu nne, zote nzima, na kosa bado hajaliona, apewe alama zaidi ya yule aliyebadilisha kifaa na kubahatisha.

Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeipa elimu ya amali nafasi kubwa zaidi katika shule za sekondari. Lakini karakana iliyojaa vifaa haitoshi. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, Mwalimu Nyerere aliitaja akili ya udadisi kuwa miongoni mwa mambo ambayo elimu haina budi kuyakuza. Udadisi huo haukuzwi na hitilafu inayomsubiri mwanafunzi mahali palepale kila siku. Unakuzwa na ile inayojificha, ikamlazimu kuandika, kupima, na kutosema neno mpaka awe na ushahidi. Kila chuo chenye gari kuukuu uani, hata lisilotembea tena, kina somo hilo tayari. Kilichobaki ni sisi kulifundisha.